Ndugu yangu alijibu "Hapana", nami nikanyamaza

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Umoja, hapa Nairobi.

Nina miaka 38, watoto wawili, na kazi yangu ni kuweka hesabu katika duka la vipuri vya magari pale Kirinyaga Road. Nakuandikia kuhusu ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu. Ana miaka 29 na kwa sasa analala kwenye godoro sebuleni kwangu.

Ugonjwa wake ulianza 2021, baba alipofariki. Usiku ule yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Tulikuwa tukirudishwa kutoka hospitali hii hadi ile kwa kukosa kitanda chenye oksijeni. Baba alikata roho kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Ndugu yangu hakujua. Aliendelea kuendesha huku akimwambia baba avumilie kidogo, tumekaribia. Mimi nilijua, na sikumwambia mpaka gari liliposimama.

Baada ya mazishi akaanza kukosa usingizi, kisha akaacha kula, kisha kampuni ya upimaji ardhi aliyokuwa akifanyia kazi ikamwachisha. Siku hizi asubuhi namwachia chai mezani kabla sijatoka. Nikirudi saa moja jioni naikuta pale pale, imefanya utando juu, naye ameelekea ukutani vile vile nilivyomwacha.

Tulimpeleka kwa daktari mwaka 2023, akasema ni sonona, hii dipresheni. Dawa ya kwanza iliitwa sertralini. Aliimeza wiki tano hivi, pesa zikaisha. Ya pili ilikuwa ikimlaza mno, akawa anameza nusu, siku nyingine haigusi kabisa. Mwaka huu akarudishiwa ile ya kwanza. Yeye mwenyewe husema, "Dawa mbili zimenishinda."

Wiki sita zilizopita rafiki yake alimpa kipande cha chokoleti chenye uyoga. Si uyoga wa kupika, ni ule wa kuonyesha watu njozi. Nilipojua nilimfokea. Lakini Mshauri, sitakuficha: kwa siku tisa baada ya hapo nilikuwa na ndugu yangu tena. Aliifungua redio ya baba, ambayo haikuwa imesema neno tangu mazishi, akaitengeneza kwa bisibisi na kipande cha waya. Aliwapeleka wanangu Uhuru Park, wakarudi midomo imejaa sukari. Siku ya kumi chai ikafanya utando.

Sasa amepata watu wanaoandaa kambi ya siku tatu katika nyumba moja upande wa Karen. Yupo mtu wanayemwita mwongozaji, si daktari. Ada ni shilingi 45,000, uyoga ndani. Walimwambia aache dawa zake wiki mbili kabla, naye akaziacha siku ile ile, zote, bila kumjulisha daktari. Anasema kichwani anahisi kama umeme mdogo unampitia. Usiku ananisomea mambo kwenye simu: Australia imeruhusu uyoga utibu sonona, Marekani imeuita tiba ya kuahidi. Anaomba nimpe pesa yangu ya chama, kwa maana mwezi ujao ni zamu yangu kupokea.

Ningekuwa nimeshampa, kama si ile fomu.

Jumapili jioni alikuwa akiijaza kwenye simu, mimi nikichambua sukuma wiki. Akasoma swali kwa sauti: je, katika familia yenu kuna aliyewahi kuugua skizofrenia au baipola, au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Akacheka kidogo. "Hapana, wazimu wetu ni wa kawaida tu." Akabonyeza. Mimi nikaendelea kuchambua sukuma.

Mama alikuwa na kaka yake mmoja. Sisi sote tuliambiwa alienda kutafuta kazi Mombasa akapotelea huko. Lakini nilipokuwa na miaka tisa, nyanya alinichukua siku moja nimsaidie kubeba kiondo. Tulishuka Thika Road tukaingia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mjomba alikaa nasi kwenye benchi, mtu mpole, nguo safi. Alilichuna embe polepole kwa vidole, akanikatia pande, akamkatia nyanya pande, kisha akamkatia pande mtu aliyekuwa upande wake wa kushoto. Upande wake wa kushoto hapakuwa na mtu. Alifia huko baada ya miaka michache. Mama alipojua kwamba nimeona aliniapisha: haya ni ya kaburini. Hakutaka mtu aje akatae kuoa au kuolewa kwetu. Ndugu yangu hajui lolote. Mama sasa ana presha, na naogopa nikilifungua hili nitamwangusha.

Kuna jambo jingine, naomba usinichukie. Usiku mmoja wiki iliyopita niliwaza: acha aende, huo uyoga umponye au ummalize, mimi nipumzike. Nililia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa watoto wasisikie.

Nimpe pesa? Nimwambie habari za mjomba? Na nikimzuia, si nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee kilichomrudishia uhai, hata kama ni kwa siku tisa?

Dada Mkubwa, Umoja.

JIBU

Dadangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama mahali pamoja: kwenye kiti cha nyuma cha lile gari. Nitarudi hapo.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Una ndugu anayeumwa kwa miaka kadhaa, ambaye kwa mara ya kwanza amekitafuta kitu mwenyewe badala ya kusukumwa. Kitu hicho kina gharama, sheria inakikataza, na huenda kikamdhuru kuliko kinavyomdhuru mtu mwingine, kwa sababu ya jambo unalolijua wewe na mama yenu peke yenu. Umeuliza kuhusu pesa kwanza, mjomba baadaye. Nikisoma barua yenyewe, naona mpangilio ni kinyume. Ulikuwa tayari kutoa pesa. Kilichokusimamisha ni neno moja, "Hapana", lililobonyezwa huku ukichambua sukuma.

Kuhusu matumaini ya nduguyo, sitakuambia ni upuzi, kwa maana si upuzi. Nilipoanza kazi hii, uyoga kwangu ulikuwa kitu cha supu; leo wanasayansi wa heshima wanaufanyia utafiti. Kiini chake kinaitwa silosibini. Mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, ndiye aliyekitenga kutoka kwenye uyoga mwaka 1958. Ukikimeza, mwili hukigeuza kuwa kitu kingine kinachoshika vipokezi vya serotonini, kemikali inayobeba ujumbe ubongoni, na kwa saa kadhaa mtu huona, husikia na kujihisi kwa namna tofauti kabisa. Ni kweli mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa tiba hii hadhi maalumu mwaka 2018, lakini hadhi hiyo ni ya kuharakisha uchunguzi, si kibali cha kuuza. Ni kweli pia kwamba Australia imeruhusu tangu Julai 1, 2023. Imewaruhusu madaktari wa magonjwa ya akili walioidhinishwa mmoja mmoja, kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia. Nduguyo hakukusomea uongo. Alikusomea nusu ya ukurasa.

Nusu nyingine ni hii. Mwezi Novemba 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa silosibini kwa watu wenye sonona sugu, washiriki 233 kutoka nchi kadhaa. Waliopewa dozi kubwa, miligramu 25, walipimwa baada ya wiki tatu: asilimia 37 walikuwa wamepata nafuu kubwa, ukilinganisha na asilimia 18 ya wale waliopewa miligramu moja tu, dozi ambayo ni kama si kitu. Hiyo si tofauti ndogo. Lakini kufikia wiki ya 12, walioendelea kuwa na nafuu kati ya wale wa dozi kubwa walikuwa asilimia 20. Na katika makundi yote, ya dozi kubwa na ndogo, walikuwepo waliopata mawazo ya kujiua au waliojidhuru. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mdogo wa London, watu 59, uliilinganisha silosibini na dawa ya kawaida ya sonona iitwayo esitalopramu. Kwenye kipimo chao kikuu hawakuona tofauti ya kutegemewa kati ya hizo mbili.

Nimeziweka tarakimu hizi kwa sababu ya siku zako tisa. Ulichokiona ulikiona. Redio ilisema. Lakini hata kwa watu waliopewa dawa iliyopimwa, mikononi mwa wataalamu, nafuu mara nyingi huja kisha hufifia, na wapo ambao haiji kabisa. Siku ya kumi haikuletwa na uzembe wa nduguyo wala na kufoka kwako, ikiwa umekuwa ukijiuliza usiku.

Sasa linganisha chumba cha utafiti na nyumba ya Karen. Kwenye utafiti dawa hutengenezwa maabara, na kila kidonge kinajulikana kina kiasi gani. Uyoga mmoja huwa mkali kuliko mwingine, na chokoleti haina anayejua kilichomo isipokuwa aliyeipika, pengine hata yeye hajui. Kwenye utafiti mgonjwa huandaliwa siku kadhaa, hukaa na mtaalamu saa zote za njozi, na hukutana naye tena baadaye kuzungumza aliyoyaona. Daktari yuko karibu. Na kabla ya hayo yote kuna lile swali la familia. Tafiti nyingi hazimpokei mtu ambaye yeye mwenyewe, mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kuugua skizofrenia au baipola. Baadhi husogea hadi kwa mjomba na babu. Hofu yao ni kwamba dawa ya kufungua njozi inaweza kumfungulia mtu wa namna hiyo mlango ambao haufungiki jioni.

Usinielewe vibaya hapa. Kuwa na mjomba aliyeugua hakumaanishi nduguyo ataugua. Watu wengi wenye jamaa kama huyo huishi hadi uzeeni bila kusikia sauti yoyote. Wala sijui mjomba aliugua nini hasa. Mtoto wa miaka tisa aliona embe, hakuona faili. Lakini ninyi wawili mnapolipima jambo hili, yeye analipima akiwa hana jiwe moja kwenye mizani, na hajui kwamba halipo. Inawezekana hata ile chokoleti ya kwanza angeifikiria mara mbili.

Acha nikuulize kuhusu maneno haya, "dawa mbili zimenishinda". Madaktari wakisema sonona ni sugu, kwa kawaida wanamaanisha mtu ametumia angalau dawa mbili, kila moja kwa dozi inayotosha na kwa wiki sita hadi nane au zaidi, na bado hali ni ile ile. Ya kwanza aliimeza wiki tano, ikakatizwa na mfuko. Ya pili aliimeza nusu. Sisemi hivyo kumlaumu; nani anameza dawa inayomlaza mchana kutwa huku dada yake akitoka kwenda kazini? Ninachouliza ni kama dawa zimemshinda, au ni nauli, foleni na bei ya duka la dawa zilizomshinda. Majibu mawili hayo yanaelekea njia tofauti. Huenda daktari ana hatua ambazo bado hazijajaribiwa, kubadilisha dozi, au kubadilisha dawa, au kuongeza mazungumzo ya unasihi. Hapa hapa Nairobi ulifanyika utafiti uliochapishwa 2017, wanawake 421 wa vitongoji vyetu, wengi wao waliopitia dhuluma. Walipewa vikao vitano vya kuzungumza na kupanga namna ya kukabili shida, vikiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa, wala si madaktari. Waliovipata walipungukiwa na dhiki kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Najua haina mvuto wa njozi, na sonona ya nduguyo huenda ni nzito kuliko hiyo, lakini ni kitu.

Ipo pia ketamini. Ni dawa ambayo hospitali zetu huitumia kuwatia usingizi wagonjwa wa upasuaji, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985. Jamaa yake, esketamini ya kupuliza puani, ilikubaliwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona sugu, kwa masharti kwamba mgonjwa apulizwe kliniki na abaki akiangaliwa, kwa kuwa hupandisha presha na kumfanya mtu ajihisi ametoka kwenye mwili wake kwa muda. Nayo ina maswali yake kwa mtu mwenye historia ya familia kama yenu, na si rahisi mfukoni. Nimeitaja ili nduguyo ajue kwamba kutaka kitu tofauti na vidonge vya kila siku si wazimu, na kwamba anaweza kulisema hilo mbele ya daktari bila kuona haya.

Kuna mambo mawili ambayo sitayazungusha.

La kwanza ni sertralini. Kuiacha ghafla ndiko kunakoleta huo umeme wa kichwani, pamoja na kizunguzungu, hasira za ghafla na usiku usio na usingizi. Baya zaidi, sonona yenyewe inaweza kurudi kwa nguvu katika wiki hizi hizi anazongojea kambi. Hata wanaofanya utafiti huwapunguzia washiriki dawa hatua kwa hatua, daktari akiwa anajua. Mpigieni daktari wake wiki hii, hata kama bado hamjaamua lolote kuhusu Karen. Simu hiyo haimfungi nduguyo kwa chochote, na daktari akiuliza kwa nini ameacha, aambiwe ukweli wote, chokoleti ikiwemo.

La pili, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kwa maneno hayo hayo. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Haiwi hivyo, mara nyingi mtu huvuta pumzi. Watu wetu wamekuwa wakificha jambo hili kwa kuhofia polisi pia, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Akikuambia ndiyo, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali usiku huo huo, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, mpate wa kuongea naye mkiwa njiani.

Nirudi kwa mjomba.

Nimejaribu kujiweka mahali pa mama yako. Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na kwa miaka mingi jina hilo limetumika Nairobi kama tusi. Hata mtoto wa chekechea hapa mjini anajua kumwambia mwenzake "wewe ni wa Mathari". Mama alikuwa na binti wa kuolewa na mtoto wa kiume wa kuoa. Alichagua Mombasa. Simlaumu. Ila najiuliza kama kiapo alichokuapisha ukiwa mtoto kilikuwa cha kumlinda nduguyo, na kama leo bado kinafanya kazi hiyo.

Unaweza kuanza na mama. Ukienda kwake na kumwambia, "Mama, kuna fomu imeuliza," unampa nafasi ya kulisema mwenyewe, na heshima yake inabaki. Hatari ni kwamba atakataa, atalia, atakuapisha upya, nawe utarudi Umoja ukiwa na viapo viwili. Presha yake ni ya kweli, na ningependa uende mchana, akiwa amekula na amemeza dawa zake, usimpigie simu usiku. Lakini jiulize pia: je, amewahi kuanguka kwa habari mbaya, au hofu hiyo imekuwa ni mlango unaojifungia wenyewe? Alimzika kaka, akamzika mume. Huenda ana nguvu kuliko unavyomhesabia.

Unaweza kumwambia nduguyo kwanza, peke yenu. Hapo kiapo kitakuwa kimevunjika, na ukweli utakuwa umefika mahali unapohitajika zaidi. Hatari yake ni kwamba anaweza kukasirika kwa miaka yote ya kufichwa, au aanze kujichunguza kila akisikia mlango ukigonga: ni sauti au ni jirani? Ndiyo maana ningependa aambiwe siku ambayo kesho yake mna miadi na daktari, asibaki na swali hilo wikendi nzima.

Njia ya tatu nimeiona watu wakiitumia: kumpigia daktari faraghani na kumwambia ya mjomba, ili daktari amwonye nduguyo bila kutaja aliyesema. Ni njia laini. Inakuondolea mzigo kiasi. Ila nduguyo ataonywa bila kuelewa kwa nini, na mtu wa miaka 29 akionywa bila sababu huenda Karen.

Unaweza pia kumnyima pesa tu na kunyamaza. Sitakuficha kwamba hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mikopo ya simu ipo, marafiki wenye chokoleti wapo, na yeye ataondoka akiamini kwamba dada aliona 45,000 ni nyingi kuliko uhai wake. Kumnyima na kumweleza sababu ni jambo tofauti. Na unaweza kusema, "Pesa hii ni yako ya matibabu, sijaifuta, tukae kwanza na daktari mara mbili." Zamu ya chama haikimbii. Ukimpa naye aende, mtakuwa mmeiingia pamoja, na lolote likitokea utajiuliza maisha yako yote. Sidhani kuna haja ya kukuambia hilo, umeshalihisi.

Kuhusu sheria nitapita haraka, unaijua: silosibini imekatazwa na sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Shida ya hilo si polisi pekee. Mambo yakiharibika saa tisa usiku katika nyumba ile, watu waliovunja sheria husita kuita ambulensi.

Akisikia yote na bado aseme anakwenda, yeye ni mtu mzima. Basi angalau ile fomu irekebishwe, na muulizeni mwongozaji mkiwa wawili: daktari wenu ni nani, na yuko umbali gani? Mtu akianza kuona vitu na visikome asubuhi, mnafanya nini? Anaruhusiwa kupiga simu, kuondoka? Nani mwingine yuko chumbani? Swali hilo la mwisho si uchokozi. Hata katika utafiti rasmi wa MDMA, dawa nyingine ya kubadilisha hisia, nchini Canada, mshiriki mwanamke alitendewa isivyofaa na wahudumu wake akiwa chini ya dawa, na baadhi ya hayo yalinaswa kwenye video. Mtu aliyelewa njozi hana wa kumtetea. Mwongozaji akikasirishwa na maswali, au akisema mjomba "si neno", mtakuwa mmejibiwa.

Nije kwako. Umeniomba nisikuchukie kwa wazo la usiku mmoja. Dadangu, nimewasikia akina mama wakiniambia hivyo kuhusu watoto wao, na wake kuhusu waume. Anayeuguza mtu miaka hii yote, akifunga hesabu za duka mchana na kupika usiku, huwaza hivyo. Ulichotaka ni kupumzika. Huna dada, shangazi, mtu wa kanisani au wa chama anayeweza kukaa na nduguyo Jumamosi moja, nawe ukalala? Umesema mengi kuhusu chai yake. Yako hujaitaja.

Na lile gari. Ulijua baba amekata roho, ukamwacha nduguyo aendelee kuendesha. Pengine ulimwokoa asigonge ukuta. Pengine yeye bado yuko barabarani usiku ule, akimwambia mtu avumilie, tumekaribia. Sijui kama mmewahi kuzungumza juu yake. Nimeona tu kwamba Jumapili, mbele ya ile fomu, ulifanya vile vile: ulijua, ukanyamaza ili asiumie akiwa kwenye usukani. Safari hii sina hakika kama kunyamaza kunamlinda, na nadhani hata wewe huna, ndiyo maana umeniandikia.

Ukiamua kusema na ukakosa pa kuanzia, usianze na skizofrenia. Hilo ni neno la daktari, na huna hakika nalo. Mkae jioni, redio ya baba iwe imezimwa. Mwambie ulikuwa na miaka tisa, nyanya alikupa kiondo ubebe, mkashuka Thika Road. Mwambie mjomba alikuwa mpole na nguo zake zilikuwa safi. Mwambie habari za embe, na pande lile la tatu. Akikuuliza usilolijua, mwambie hulijui, mtakwenda pamoja kumuuliza mama.